Kabla Hujalipa, Ingia Uvunguni

Mnunuzi wa gari hapa Nyanda za Juu Kusini akifika yadi huanzia kwenye boneti. Anachomoa kijiti cha oili, ananusa, anaomba gari liwashwe, anasimama nyuma kuangalia moshi, kisha anapiga raundi moja hadi Uyole na kurudi. Likipanda kilima bila kukohoa, biashara imekwisha. Uvunguni hajatazama, maana kaja na suruali nzuri na chini kuna tope.

Mimi nashauri kinyume. Injini ni kitu cha kununua. Injini ya mtumba ya Prado au Hilux ukiitafuta utaipata, Dar es Salaam ikishindikana Mbeya, na fundi mzuri ataifunga ndani ya siku chache. Giaboksi vivyo hivyo. Chesisi haina mbadala wa namna hiyo. Namba iliyogongwa kwenye chuma chake ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na ndiyo TRA wanayoijua. Ukibadilisha chesisi umebadilisha gari zima, na maelezo utakayowapa trafiki yatakuwa marefu. Kwa hiyo gari la porini lenye umri wa miaka 15 kwenda juu likaguliwe kutu kwanza. Likifaulu hapo, ndipo boneti ifunguliwe.

Watu wa huku tumezoea kuilaumu mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Mufindi ina ukungu wa kutosha kulowesha nguo bila mvua kunyesha, na toka Novemba mpaka Aprili barabara za vijijini ni tope tupu. Ni rahisi kuamini kwamba hapo ndipo magari yanapoozea. Ila maji ya mvua peke yake hula chuma polepole sana. Ndiyo maana utaikuta Land Cruiser ya misheni ya tangu miaka ya 1980, imezeeka Iringa, haijawahi kuona sabuni ya maana, na chesisi yake bado inalia ukiigonga. Mmalizaji wa chuma ni chumvi, na chumvi huku hatuna. Ziwa Nyasa ni maji baridi. Bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mbeya. Chumvi hutufikia ikiwa imebebwa ndani ya gari lenyewe.

Sehemu kubwa ya magari yetu hutoka Japani, na Japani si nchi ya hali ya hewa moja. Kaskazini, kisiwa cha Hokkaido na mikoa kama Aomori, Akita na Niigata, theluji huanguka miezi mingi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Uingereza hufanya hivyo hivyo, na huko ndiko Land Rover na Discovery nyingi zinakotoka. Aina mojawapo ya chumvi hizo, kloridi ya kalsiamu, hunyonya unyevu kutoka hewani. Gari lililoikusanya ndani ya chesisi kwa misimu 10 ya theluji likiletwa Iringa halikauki kirahisi hata Julai kwenye upepo mkavu. Linaendelea kuliwa kimyakimya huku juu linang'aa. Mengine hupitia pwani kwanza: yamelala Tanga au Dar es Salaam karibu na bahari miaka kadhaa, au yametoka Zanzibar, ambako namba za gari huanza na herufi Z.

Tope letu huja kumalizia kazi. Chesisi ya gari gumu ni boksi refu la chuma lenye uwazi ndani, na chini yake kuna matundu ya kutolea maji. Udongo wa volkano wa Rungwe, au ule mwekundu wa njia za Kilolo, huingia humo, hukauka na kuziba matundu. Mvua inayofuata maji yanaingia kupitia juu na hayana pa kutokea. Chuma kinaoza kuanzia ndani, na siku utakapoona tundu kwa nje, kilichobaki pale ni unene wa bati la paa.

Mtu asikwambie kwamba Toyota haiozi. Mwaka 2016 nchini Marekani Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki wa Tacoma, Tundra na Sequoia ambao chesisi zao ziliharibika kwa kutu. Magari yaliyohusika yalikuwa karibu milioni 1.5, na thamani ya makubaliano ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Aina hizo kwetu ni chache, ila Prado na Hilux Surf tunazoziamini zimejengwa kwa mtindo huo huo: chesisi ya boksi chini, bodi juu yake.

Kabla ya kulala chini kuna makaratasi. Gari likiwa limenunuliwa kwenye mnada wa Japani, lilikuwa na karatasi ya mnada yenye mchoro wa gari na alama za wakaguzi. Herufi S kwenye mchoro ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na tarakimu inayofuata inaonyesha ukubwa: S1 ni ndogo kuliko S2. Pembeni huwa na maelezo ya mkono kwa Kijapani, na mara nyingi hapo ndipo mkaguzi anapoandika habari za uvunguni. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, itakupa angalau maana. Muuzaji akisema karatasi imepotea, sawa, hupotea kweli. Akisema aliyokuonyesha ni ya gari lingine lakini "ni lile lile", funga mazungumzo.

Fungua pia droo ya dashibodi. Wajapani huacha humo kitabu cha matengenezo chenye mihuri ya gereji, na jina la mji hukaa kwenye muhuri. Kwenye fremu ya mlango wa dereva huwa na stika za kubadilishia oili. Ukisoma Sapporo au Aomori, gari hilo limekula theluji, na ukaguzi wako uwe wa saa nzima. Ukisoma Okinawa usishangilie; hakuna theluji, lakini ni kisiwa chenye upepo wa bahari pande zote.

Jambo moja linalowapotosha wengi ni herufi za namba. "Hii ni namba E, kaka, bado mpya." Herufi hiyo inakwambia gari lilisajiliwa Tanzania lini, haikwambii lilitengenezwa lini wala liliishi wapi. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa. Sisi tunaruhusu makuukuu ila tunayatoza zaidi. Kwa hiyo gari la mwaka 2004 linaweza kuwa na namba ya juzi, na miaka yake yote ya kabla ya hapo ikawa ya chumvi. Kinyume chake, Land Cruiser ya mradi iliyokuwa na namba za DFP, iliyoletwa mpya na kuzeekea Mbarali na Chunya, huwa haina kutu ya kutisha. Hilo likague nyufa, maana barabara zimelipiga. Ni ugonjwa mwingine.

Sasa ukaguzi wenyewe. Usinunue gari lililoegeshwa kwenye tope ukakubali kuangalia kwa kuinama. Omba lipelekwe gereji yenye shimo, au pale wanapooshea magari kwenye ngazi ya zege, na gharama ya kupandishia lipa wewe, ni hela ndogo. Beba tochi kali, nyundo ndogo, bisibisi bapa, sumaku na gunia la kulalia. Nenda na fundi wako mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.

Anza nyuma. Kipande cha chesisi kinachopanda juu ya ekseli ya nyuma kisha kushuka ndicho kinachokufa mapema, kwa sababu tairi hukirushia kila kitu na tope hukaa pale kwenye pindo. Pitisha mkono kwa juu, sehemu ambayo jicho halifiki, na usikie kwa vidole. Chuma kizima ni laini au kina mchanga mchanga wa kutu ya juu tu. Chuma kinachoondoka kina magamba. Yanabaki mkononi kama majani makavu ya chai. Kisha gonga na nyundo, polepole, kila baada ya upana wa kiganja, kutoka mbele kwenda nyuma, pande zote mbili. Chuma hai hulia kwa sauti ya juu, inayofanana kila unapogonga. Ukifika mahali sauti ikazama, ikawa ya kububuza, simama hapo. Chukua bisibisi, weka ncha, sukuma kwa nguvu ya mkono. Ikizama, hilo gari umemaliza nalo.

Hapa ndipo muuzaji anapoanza kuhangaika. Nilikuwa kwenye gereji moja Mbeya, mnunuzi kalala chini ya Prado, mwenye gari kasimama na funguo mkononi. "Bosi, usigonge hivyo, utatoa rangi." Yule mnunuzi, mzee wa Kinyakyusa mwenye maneno machache, akajibu toka uvunguni: "Rangi nitakulipa, mwanangu. We tuombee isitoke na kitu kingine." Ilitoka na kitu kingine. Kipande cha rangi nyeusi nene kilianguka kikiwa na bati la kutu limeng'ang'ania mgongoni, na nyuma yake pakawa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ndiyo dalili mbaya kuliko kutu yenyewe. Kutu unayoiona unaweza kuipima. Iliyopakwa rangi huipimi. Gari la miaka 18 halina sababu ya kuwa jeusi tii uvunguni, lenye mng'ao hadi kwenye bolti na mabomba ya breki. Aliyelinda gari lake kwa nia njema hupaka mapema na kuacha sehemu zisizotakiwa. Anayeficha hupulizia kila kitu kwa mchana mmoja, hadi bushi za mpira na bomba la moshi. Mwingine hupiga oili chafu kila mahali, akijua hutataka kugusa. Waambie waoshe kwanza, kisha urudi kesho.

Ukimaliza nje, tafuta matundu ya chesisi. Washa taa ya simu, anza kurekodi video, ingiza kamera kwenye tundu kadri inavyoingia na uizungushe. Ukitazama video hiyo utaona ambacho muuzaji mwenyewe hajawahi kukiona. Ukiona tope limejaa, chimbua kwa waya. Tope likitoka jekundu kama udongo, ni udongo. Likitoka na vipande bapa vya kahawia iliyoiva, vyenye tabaka tabaka, hicho kilikuwa chesisi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo sababu huvimba, hupasua rangi na kujaza boksi.

Kuna sehemu nyingine za uvunguni ambazo sitazirefusha: mikono na vishikio vya springi, vikombe vya shokapu, vile vipande vinavyobeba bodi juu ya chesisi kwenye mipira yake, na mikanda ya tenki la mafuta. Zote zigonge. Sehemu inayobeba uzito ikiwa na kiraka cha kuchomelea, uliza nani alichomelea na kwa nini. Kiraka kwenye sakafu ya miguuni sina ugomvi nacho, kikiwa kimefanywa vizuri na kuzibwa pande zote. Kiraka kwenye chesisi karibu na kishikio cha springi ya nyuma nakikataa, hata kama aliyekipiga ni fundi anayesifiwa. Moto wa kuchomelea hauwezi kushika chuma kilichokwisha kuwa gamba. Hushika kilicho pembeni, na mzigo wa kwanza wa viazi kutoka Umalila utaonyesha.

Mabomba ya breki yanastahili dakika zako tatu, na ukiishi Iringa au Mbeya yanastahili tano. Ni mabomba membamba ya chuma, yanapita juu ya ekseli ya nyuma na kando ya chesisi, na hushikwa na vibanio ambavyo chini yake maji hukaa. Yafute kwa kitambaa. Yakiwa na vipele au yamevimba pale kwenye vibanio, hesabu kwamba unayabadilisha kabla gari halijasafiri. Siyo kazi ghali. Ila bomba la namna hiyo hupasuka unapokanyaga breki kwa nguvu zako zote, na mahali ambapo mtu wa huku hufanya hivyo ni Kitonga, akishuka nyuma ya lori, au mteremko wa Mlima Nyoka.

Juu, bodi ina hadithi zake kwa kila aina ya gari. Land Cruiser ya mkonga angalia mpira wa kioo cha mbele: malengelenge ya rangi kwenye kona zake ni dalili kwamba chini ya mpira fremu imeliwa, na kuikarabati ni lazima kioo kitoke. Suzuki Jimny inua kapeti ya miguuni, kisha pitia mbavu za chini ya milango na matao ya matairi. Pajero ni mbavu hizo hizo na shingo ya kujazia mafuta. RAV4 au X-Trail haina chesisi ya kujitegemea kabisa. Bodi ndiyo chesisi, kwa hiyo kutu ya mbavu za chini ambayo kwenye Hilux ungeiona ni ya urembo, kwake ni ya mifupa.

Pikapu ina swali lake: ilibeba nini? Huku jibu la kawaida ni mbolea. Mfuko wa CAN au Urea ukipasuka, chembe hupenya chini ya mpira wa bodi la mzigo, huvuta unyevu, na kwa chuma zinafanya kazi ya chumvi. Pikapu iliyokuwa ya wakala wa pembejeo Makambako inaweza kuoza bila kuona bahari wala theluji. Toa mpira wote, siyo kona uliyofunuliwa. Kagua kona za mbele za bodi, nyuma ya kabini, halafu shuka uangalie chesisi ya sehemu hiyo kwa chini. Mwenye gari akisema mpira umegandishwa kwa gundi hautoki, una jibu lako.

Sumaku ni ya kupimia puti. Ifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, ipitishe juu ya matao ya matairi, chini ya milango na kona za buti. Inapong'ang'ania ni bati. Inapoteleza na kuanguka, umekutana na puti iliyoziba tundu. Lakini usiende nayo kwenye Land Rover Defender ukaanza kumkoromea mwenye gari. Tangu Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, mabati mengi ya bodi yake ni ya aluminiamu, na sumaku haishiki. Sifa hiyo imewafanya watu waamini kwamba Defender haina kutu. Chesisi yake ni chuma cha kawaida kabisa, na ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu yako ni chuma pia. Gonga boriti la nyuma kabisa linaloshika ndoano ya kuvutia. Gonga mikono inayotoka pembeni kushika bodi. Inua mpira wa miguuni ubonyeze kona kwa bisibisi. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, kama chini ya milango, utakuta unga mweupe na rangi iliyovimba. Hiyo aluminiamu nayo inaliwa, kwa sababu imegusana na chuma penye maji.

Ukishajua hali, ndipo ongea bei. Kutu ya juu inayofutika kwa msasa, chuma kikatoka cheupe, isiwe kisingizio cha kumnyanyasa muuzaji. Kila gari linayo. Kutu ya bodi ni ya kupigia hesabu: muulize fundi bodi wako, siyo wa yadi, na zidisha kidogo, kwa sababu akikata bati hukuta kazi kubwa kuliko aliyoiona. Kutu ya chesisi yenye magamba kwenye sehemu za kubeba mzigo haina punguzo la kutosha. Ninajua jinsi inavyouma kuliacha gari la bei nzuri wakati mkopo umeshatoka na msimu wa parachichi umekaribia. Lakini lile linalouzwa kwa haraka, na dalali anapiga simu mara tatu kwa siku, mara nyingi ndilo lililokwisha kukataliwa na wawili watatu waliopata uthubutu wa kulala chini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kagua pia namba ya chesisi pale ilipogongwa, kwa kawaida kwenye chuma cha kulia karibu na tairi la mbele, na uilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Kutu ikishaila namba hiyo, umerithi kesi ambayo hukuianzisha.

Ukilinunua, mwezi wa kuliandaa ni Septemba au Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijafika. Lipandishwe, lioshwe uvunguni kwa maji ya nguvu hadi yanayotoka kwenye matundu ya chesisi yawe meupe. Kama lina asili ya theluji au pwani, lirudie kuoshwa mara kadhaa, maana chumvi iliyojificha haitoki mara moja. Matundu yote yazibuliwe. Liache likauke siku kadhaa kwenye jua. Ndipo fundi apulizie ndani ya chesisi mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu, kwa mpira mrefu unaofika katikati ya boksi. Oili chafu inayosifiwa kila gereji husaidia kidogo na hudondoka sana. Huharibu bushi, huchafua udongo wa nyumbani kwako, na ikipakwa juu ya tope haina kazi yoyote, kwa sababu unyevu umebaki chini yake. Rangi nyeusi nene usiipake mwaka wa kwanza, ili Mei mvua zikiisha uweze kurudi na nyundo yako na kusikia kama sauti ni ile ile. Na kabla fundi hajaanza kupuliza, hakikisha bushi na diski za breki zimefunikwa kwa magazeti.